Shafti ya Tatu ya Heaika Somby

POLISI, FINNMARK
KITUO CHA RÁVDOJOHKA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ravdna Vuolab
Umri: Miaka 63
Kazi: Mwalimu mkuu mstaafu; mwenyekiti wa baraza la wafugaji wa reindia (kulungu wa nchi za baridi), Rávdojohka
Makazi: Rávdojohka, nyumba ya mwisho kabla ya daraja
Uhusiano na marehemu: Mama mzazi
Uhusiano na mtuhumiwa: Nilimfundisha shule ya msingi
Mwandishi wa maelezo: Inspekta Torbjørn Myrvang, tarehe 22 Aprili, saa nne asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu, na ninafahamu kwamba nitayarudia mahakamani nikiitwa. Nimeletwa kituoni kwa gari la shemeji yangu, Ámmon Vuolab, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye kwa sasa ameketi kwenye benchi nje ya mlango huu. Naomba hilo liandikwe sasa hivi, kwa sababu jina lake litarudi.

Nimeelezwa na Inspekta kwamba Heaika Somby, mwenye umri wa miaka 34, anashikiliwa kwa tuhuma ya kumuua mwanangu Jovnna kwa makusudi, kwa kumgonga na pikipiki ya theluji. Nimeelezwa pia kwamba watu waliokuwa ndani ya zizi wote wamesema jambo moja: walisikia injini ikipigwa resi kali muda mfupi kabla ya mgongano. Siwapingi. Injini ile niliisikia hata mimi. Lakini wao walikuwa nyuma ya turubai na walisikia tu, nami nilikuwa juu ya mteremko, nyuma ya pikipiki, na nilitazama. Nimekuja kueleza nilichokitazama.

Ili maelezo yangu yaeleweke, sharti nianze na chombo chenyewe.

Mwanangu Jovnna alikuwa mfugaji kama sisi sote, na tangu majira ya baridi yaliyopita alikuwa pia wakala wa pikipiki nyepesi za kampuni moja ya kusini. Vijana wetu walizipa jina la Panzi. Pikipiki za zamani zikizama kwenye theluji mpya, watu watatu huhema kuzitoa. Panzi huinuliwa na mtu mmoja. Uzito huo haukupotea hewani. Ulipunguzwa kwenye vyuma, na mahali pamoja ulipopunguzwa ni kwenye shafti, yaani mhimili unaolala chini ya miguu ya dereva na kuuzungusha ule mkanda wa mpira unaoisukuma pikipiki. Shafti ya pikipiki ya zamani ni chuma kigumu chote. Ya Panzi ni bomba lenye ukuta mwembamba. Na breki yake hukamata ncha moja tu ya shafti hiyo, ile iliyo upande wa injini. Shafti ikikatika, breki hubaki imeshika kipande chake, na mkanda hujiendea kana kwamba hakuna mkono wowote uliobana kitu. Nayajua haya kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia mwanangu taa gereji alipozifungua.

Kampuni ilizitengeneza kwa ajili ya watu wa mijini wanaopanda milima kujifurahisha. Sisi tulifunga sleji za kuburuta mizigo nyuma yake. Januari mwaka huu mvua ilinyesha juu ya theluji, ikaganda, na wanyama wakashindwa kuchimba malisho; kila familia ikalazimika kuvuta mifuko ya chakula hadi milimani. Tulivuta kwa tulichokuwa nacho.

Shafti ya kwanza ya Heaika Somby ilikatika mwezi Novemba, juu ya ziwa, mahali tambarare. Hakuna aliyeumia. Jovnna alimfungia nyingine, wakanywa kahawa kwangu, wakatupia vipande vya jibini humo kikombeni, kama ilivyo desturi yetu, na kucheka. Shafti ya pili ilikatika Februari, siku ambayo Heaika alimwazima pikipiki mdogo wake, Duommá. Duommá alikuwa akipanda mlima akiwa na sleji iliyojaa. Alibana breki, na breki haikushika chochote. Pikipiki na sleji vilimrudia kinyumenyume na kuubana mguu wake wa kulia kwenye mwamba. Heaika alipomkuta, Duommá alikuwa ameng'ata glovu yake hadi ikatoboka, na ilibidi autenganishe mguu na chuma kwa kutumia nondo. Madaktari waliukata chini ya goti.

Mwanangu aliipigia simu kampuni mbele yangu. Aliiweka kwenye spika, kwa hiyo nilisikia jibu: shafti haina kasoro, madereva wenu wanazidisha mzigo. Alikata simu, kisha akasema, "Mama, pengine ni kweli." Alimfungia Heaika shafti ya tatu kutoka sanduku lilelile. Naomba nisieleweke vibaya. Jovnna hakuwa tapeli. Alikiamini alichokiuza, na hilo ndilo lililomweka mahali alipofia.

Mnamo tarehe 19 Aprili tulikuwa zizini Gálbi, tukitenganisha mifugo ya familia kabla ya kuhamia pwani. Majira ya saa saba mchana mawingu yalikuwa yameshuka, mwanga umefifia, na theluji ilikuwa ngumu juu kama bati. Heaika alifika peke yake juu ya Panzi, akaizima karibu kabisa na mlango wa zizi, akavua helmeti na kuita kwa sauti ya kusikika na watu wote.

"Jovnna! Toka huko. Nimekuletea mwanao."

"Mwanangu yupi?" Jovnna alijibu akiwa amekumbatia shingo ya ndama.

"Huyu Panzi. Tumbo limeanza kumuuma tena, analia kwa chini. Mchukue umnyonyeshe."

Watu walicheka. Mwanangu alimwachia ndama, akatoka nje akijifuta mikono kwenye suruali. Yeye naye hakuwahi kumwachia mtu neno la mwisho.

"Wewe ukipewa hata dume mzuri wa kuvuta utamfunga lori nyuma. Kisha uje kulia kwamba ameteguka."

"Rudia hilo nikiwa karibu."

"Sogea basi. Ungekuwa reindia, Heaika, ningeshakukata sikio zamani, watu wajue unalelewa na nani."

Kwetu alama ya umiliki hukatwa kwa kisu kwenye masikio ya ndama, na kila familia ina mkato wake. Kumwambia mwanamume maneno hayo ni kumwambia kwamba yeye ni mali. Hata hivyo Heaika hakurusha mkono. Aliuliza swali kwa sauti ya chini, nami niliyekuwa hatua kama kumi kutoka hapo nililisikia.

"Mguu wa Duommá uko wapi?"

Jovnna akajibu, "Muulize aliyeijaza ile sleji."

Aliyeijaza alikuwa Heaika mwenyewe, na kijiji kizima kilijua.

Heaika alimpiga kwa helmeti. Aliishika ukanda wake wa kidevuni, akaizungusha, na ikamtua mwanangu juu ya jicho la kushoto kwa mlio wa gogo linalopasuliwa. Jovnna alianguka kwa magoti. Heaika alimpiga tena, mdomoni, na niliona meno yakitoka pamoja na damu na kuangukia theluji. Alimpiga mateke ya mbavu. Nilihesabu hadi la nne, kisha nikaanza kukimbia na sikuhesabu tena.

Ni wajibu wangu kusema na la mwanangu. Kabla sijafika, Jovnna alijiviringisha, akaivuta kamba ya kukamatia wanyama iliyokuwa begani mwake, na kumtupia Heaika kitanzi shingoni. Hakukosea, hajawahi kukosea tangu ana miaka tisa. Alizungusha kamba kwenye mti wa uzio na kuvuta kwa uzito wa mwili wake wote. Heaika aliburutwa chali, akikwaruza shingo yake kwa kucha, uso ukiwa unageuka rangi ya ini. Visigino vyake vilichora mistari miwili kwenye barafu. Iwapo watu wangechelewa, leo ningekuwa mama wa mshitakiwa. Ámmon na wengine waliikata kamba. Ilibidi wanaume wawili wamkalie mwanangu.

Baada ya hapo kila mmoja alikaa upande wake akitema damu. Nilidhani yamekwisha. Jovnna alisimama. Jicho la kushoto lilikuwa limeshavimba na kufunga kabisa, na alizungumza kwa taabu kwa sababu ya mdomo.

"Shafti ile nimeifunga kwa mikono yangu," alisema. "Inashika. Breki inashika. Panda juu kule, shuka nayo kwa kasi unayotaka, ubane breki kwenye lile tawi la alama lililochomekwa katikati ya mteremko. Mimi nitasimama mlangoni."

"Umechanganyikiwa," alisema Heaika. "Nenda ukaoshe uso."

"Unaiogopa pikipiki, au unaogopa nitakuwa nimesema kweli?"

"Jovnna, nimesema nenda ukaoshe uso."

"Babu alisimama. Na mimi nitasimama."

Hapa lazima nieleze, kwa kuwa Inspekta amezaliwa kwingine. Baba yangu mzazi alikuwa mfundishaji wa reindia wa kuvuta sleji. Kila alipomuuza mnyama, alisimama njiani, kichwa wazi na mikono imefungwa kifuani, na mnunuzi akamjia mbio kwa sleji. Mnyama aliyefunzwa vizuri husimama. Baba hakusogea hata mara moja, na hakuguswa hata mara moja, na hakuna aliyewahi kurudisha mnyama wake. Ilikuwa ndiyo dhamana yake. Watoto wa ukoo wetu wamekua na habari hiyo. Nimeisimulia darasani, nimeisimulia kwenye mikutano, na wanaume wetu bado wanaitaja mtu anapouza chochote: je, atasimama mbele yake? Watu waliokuwepo waliposikia neno la Jovnna hawakuliona kuwa wazimu. Waliliona kuwa heshima. Mmoja alisema, "Damu ya mzee hiyo." Lakini reindia humwona mtu aliye mbele yake, akaogopa kumgusa. Shafti haina macho.

Nilisema hapana. Nilisema kwa sauti ninayotumia barazani, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hakuna aliyenigeukia. Ndani ya zizi wanyama walikuwa wameanza kupandana ukutani kwa sababu ya fujo, na Ámmon akaamuru kila mtu arudi ndani awatulize kabla hawajavunja. Ukuta wa zizi umefunikwa turubai kutoka juu hadi chini ili wanyama wasione nje. Kwa hiyo waliorudi ndani nao hawakuona nje.

Heaika alikuwa amekwishawasha pikipiki na kupanda. Nilimfuata kwa miguu, nikishika uzio. Mlango wa zizi la Gálbi una mabawa mawili ya uzio yanayoanzia juu ya mteremko yakiwa mapana na kubanana kadiri yanavyoshuka, ili kundi likiingia lisipate pa kutokea. Chini kabisa, penye mlango, upana hauzidi urefu wa watu wawili waliolala. Mtu akishashuka nusu ya njia hawezi kukata kona. Kuna uzio kulia na kushoto.

Nilimkuta amegeuza pikipiki, amekaa, anapumua kwa mdomo. Alama ya kamba ilikuwa nyekundu shingoni mwake.

"Heaika, zima," nilimwambia.

"Mwalimu, simgusi. Nitashuka, nitabana pale kwenye tawi, atajisifu, tutarudi makwetu."

"Na ikikatika?"

Alitazama mikono yake. "Amesema mbele ya watu wote haikatiki. Nikikataa, basi shafti zote hazina kosa, na mguu wa Duommá ni wangu. Utabaki wangu mpaka nife. Unanielewa, Mwalimu?"

Nilimwelewa. Nilimpungia Jovnna aondoke. Alikuwa mdogo kule chini, mweusi mbele ya turubai, kichwa wazi na mikono imefungwa kifuani. Alifungua mkono mmoja, akanipungia kama mtu anayeaga kwenda dukani, akaufunga tena.

Heaika alishuka.

Naomba sehemu hii iandikwe kwa maneno yangu bila kufupishwa.

Alitia mafuta tangu mwanzo, kama walivyopatana. Kabla ya kufika kwenye tawi, wakati bado ametia mafuta, nilisikia mlio mmoja mkavu kutoka chini ya pikipiki, kama barafu ya ziwa inapopasuka. Papo hapo injini ilipiga kelele ya kutisha, kelele ya kitu kilichoachiwa mzigo wake. Hiyo ndiyo sauti waliyoisikia walio zizini. Waliichukulia kuwa ni mtu anayeongeza mwendo ili aue. Lakini pikipiki haikuongeza mwendo kwa kelele ile. Injini ilikuwa inazunguka bure. Shafti ilikuwa imeshakatika. Kisha kelele ilishuka ghafla, kwa sababu Heaika aliachia mafuta.

Na hapo taa nyekundu ya nyuma, taa ya breki, iliwaka.

Nilikuwa nyuma yake, hakuna kitu kati yangu na ile taa ila theluji nyeupe na mwanga wa mawingu. Taa ile huwaka mkono wa breki unapobanwa, na haiwaki kwa sababu nyingine. Iliwaka kabla ya tawi. Ililipita tawi ikiwaka. Niliona kiwiko chake cha kushoto kimetokeza nje na mwili wake wote umevutwa nyuma, kama mtu anayevuta hatamu. Alikuwa akipiga kelele, "Toka! Toka! Haishiki!" Mteremko ulikuwa barafu tupu. Pikipiki ilishuka kama sinia.

Mwanangu hakutoka. Nadhani aliisikia kelele ya injini kama wenzake walivyoisikia, akadhani anatishwa, akakaza miguu. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefungwa, na mtu wa jicho moja hapimi umbali vizuri. Mwishoni kabisa alifungua mikono na kuinyoosha mbele, viganja wazi, jinsi tunavyomsimamisha mnyama.

Ilimkuta mapajani na kumpeleka hadi kwenye mti wa mlango. Mti ulivunjika. Ukuta wa zizi ulianguka ndani, wanyama wakatoka kwa mamia wakipita juu ya turubai, juu ya pikipiki na juu yake. Heaika alirushwa mbele, akapiga uzio kwa bega. Taa ilizimika wakati huo, mikono yake ilipong'oka kwenye usukani, si kabla.

Inspekta ameniuliza kwa nini hakuruka njiani na kujiokoa. Jibu ninaloweza kuapia ni hili tu: angeruka, pikipiki ingemfikia mwanangu bila mtu yeyote aliyekuwa anajaribu kuisimamisha. Hakuruka.

Nilifika chini nikiwa nimeanguka mara kadhaa. Jovnna alikuwa amebanwa kuanzia kiunoni. Kifua chake kilikuwa kimeingia ndani, mfupa wa paja umetokeza kwenye suruali, na theluji iliyomzunguka ilikuwa inayeyuka kwa joto la damu. Heaika, mkono mmoja ukining'inia, alikuwa ameingiza bega zima chini ya chuma na anainua huku akilia kwa sauti kama mnyama. Aliinua. Nilimvuta mwanangu. Aliniangalia kwa jicho lake moja na kusema, "Ilishika, Mama?" Nilimwambia ndiyo. Huo ni uongo, na ni uongo pekee nilioutamka siku ile au leo. Alikufa kichwa kikiwa kwenye mapaja yangu, wanyama wa mwisho wakiwa bado wanaturuka.

Yaliyofuata nayaeleza kwa sababu sijaulizwa.

Wanaume walitoka zizini. Ámmon Vuolab alikuwa wa kwanza. Alimpiga Heaika mgongoni kwa kipande cha ule mti uliovunjika, akamwangusha, akaendelea kumpiga mabegani na kichwani mpaka mti ukabaki fimbo. Wengine walimpiga mateke. Sitawataja, kwa kuwa nilikuwa nimemwinamia mwanangu na sikuona nyuso zao. Uso wa Ámmon niliuona. Walimfunga Heaika kamba miguuni, wakaifunga kwenye pikipiki ya zamani, ile nzito, na kumburuta kulizunguka zizi. Alipoacha kusogeza mikono, Ámmon alimkalia kifuani, akachomoa kisu chake cha kiunoni na kulishika sikio la kulia la Heaika kama tunavyolishika la ndama. Alikata mikato mitatu. Alisema, "Sasa wewe ni wetu."

Nilisimama na kusema kwamba atakayemgusa tena atamgusa akiwa amenikanyaga mimi. Safari hii walinigeukia.

Nimeelezwa kwamba ripoti ya hospitali inasema sikio la Heaika Somby lilichanwa na waya wa uzio, kama walivyoeleza waliompeleka. Naomba Inspekta alitazame upya. Kuna pengo la pembetatu nchani, na chale mbili sambamba nyuma yake. Waya haukati alama ya familia. Alama ile ni ya mume wangu, ya baba yake, na ya kila mnyama aliyenilisha mimi na kumsomesha Jovnna. Iko kwenye daftari la serikali la alama za mifugo, na sasa iko kwenye kichwa cha mtu.

Leo asubuhi, ndani ya gari, Ámmon aliniambia hivi: "Shemeji, wewe ulikuwa juu, mbali, na macho yamejaa machozi. Hukuona kitu. Sema hivyo tu, sisi tutamalizia." Nilimuuliza nikisema vinginevyo itakuwaje. Alijibu bila hasira, akitazama barabara. "Basi usihangaike kufunga mizigo ya pwani. Hakutakuwa na sleji ya kukubeba, wala mtu wa kukushikia wanyama wako."

Ninaelewa maana ya maneno hayo. Sijawahi kukosa safari ya pwani tangu nilipobebwa mgongoni. Nina umri ambao mtu hawezi kuihamisha mifugo peke yake, na aliyekuwa akinihamishia amelala kwenye chumba cha baridi cha hospitali.

Kwa hiyo nasema kwa utaratibu, ili pasibaki pa kuniuliza tena. Heaika Somby alimpiga mwanangu kikatili, akamvunja meno na kumfunga jicho, na jicho lile lilichangia kifo chake. Kwa hilo ashitakiwe, nami nitasimama nishuhudie dhidi yake. Nilimchukia nilipokuwa nikiteremka ule mteremko, na ninamchukia hadi dakika hii ninapotoa maelezo, sitegemei kuacha. Lakini chuki yangu haiwezi kuizima taa ile. Ilikuwa inawaka. Mtu yule alibana breki kwa nguvu zake zote tangu juu ya tawi hadi kwenye kifua cha mwanangu, na breki haikuwa na kitu cha kushika.

Vipande viwili vya shafti viko kwenye ghala lenu. Naomba vipimwe na mtu asiyelipwa na kampuni. Na kwa kuwa familia zitaondoka kuelekea pwani wiki hii, na wengi wao wataondoka juu ya Panzi walizouziwa na mwanangu, wakiwa na watoto kwenye sleji za nyuma, naomba polisi wazizuie zote leo. Mimi kama mwenyekiti nitatoa tangazo. Najua kwamba huenda hakuna atakayenisikiliza, ndiyo maana naliomba jeshi la polisi.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, na yale niliyoyasikia nimeyatenga na niliyoyaona. Nayakabidhi yakiwa kamili. Nitayasema hivihivi mbele ya hakimu, mbele ya mama yake Heaika na mbele ya kaburi.

Sahihi ya shahidi: Ravdna Vuolab

MAELEZO YA AFISA: Maelezo yameandikwa na mimi na kusomwa kwa sauti mbele ya shahidi, naye amekiri kuwa ni sahihi na kutia sahihi kila ukurasa. Kabla sijaanza kusoma, shahidi aliomba mlango wa chumba uachwe wazi. Nilimfahamisha kwamba aliyeko nje atasikia. Akajibu, "Ndiyo maana." Nilisoma mlango ukiwa wazi. Nilipofika kwenye sehemu ya sikio, Ámmon Vuolab aliinuka kwenye benchi. Alizuiwa mlangoni na askari wa zamu na anahojiwa. Gari walilokuja nalo limeondolewa na ndugu zake. Shahidi hakukubali kupelekwa nyumbani. Ameomba nimwelekeze wodi aliyolazwa mtuhumiwa, amesubiri ruhusa kwa saa mbili akiwa ameketi kwenye benchi hilohilo, na ameingia wodini saa tisa alasiri. Kwa mujibu wa askari aliyekuwa mlangoni, aliifungua bandeji ya sikio la mtuhumiwa, akaitazama alama, akaifunga tena vizuri, kisha akaketi.

T. Myrvang, Inspekta